Udongo Mpya

Watu wa Musanda walisema Lazarus Makhanu alipindua trekta kwa sababu ya ulevi. Walikosea, tena walikosea vibaya. Alipindua trekta kwa sababu siku hiyo hakuwa amelewa.

Sikiliza ilivyokuwa. Mwaka huo wa sabini na tisa muwa ulikuwa mfalme. Watu waling'oa migomba, wakang'oa mihogo, wakapanda miwa hadi kizingitini, na mwenye shamba dogo ikambidi atoke nyumbani kwake kwa ubavu. Trekta za kiwanda zilipita kutwa nzima zikivuta trela mbili mbili, na barabara za moramu, zisizo na lami, zikachimbika kwa uzito huo. Kila asubuhi genge la barabara lilipita na majembe na toroli, likijaza mashimo kwa udongo mwekundu. Dereva mwingine akiona shimo limejazwa humshukuru Mungu. Makhanu akiliona, jasho lilimtoka kwapani, vidole vikamganda kwenye usukani, na mguu ukakataa kukanyaga mafuta. Kwa miaka mitano dawa yake ilikuwa moja tu, chupa ndogo ya chang'aa chini ya kiti. Mafunda mawili ya kwenda, matatu ya kurudi, na udongo mpya ukawa udongo kama udongo mwingine.

Asubuhi ile mama aliyemuuzia alikuwa amekamatwa na askari wa chifu, na chupa ilikuwa tupu. Saa nne, jua likiwaka, barabara imenyooka kama rula, Makhanu akakutana na kiraka kilichojazwa punde, bado kina unyevu. Akakata usukani kushoto. Trekta ikaingia mtaroni, trela zote mbili zikafuata, na mzigo mzima wa miwa ukalala juu ya mahindi ya mjane mmoja ambaye hakuwa amemkosea mtu. Mpakiaji aliyedandia nyuma alivunjika mkono. Makhanu alikutwa amelala kifudifudi kwenye matope, mikono kisogoni, akingoja mlipuko ambao haukuja.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Makhanu aliumwa mwaka wa sitini na sita, kule Kaskazini Mashariki, alipokuwa koplo na dereva wa lori la jeshi katika vita vya mashifta. Lakini hilo hakumwambia mtu. Hata mkewe Zipporah alijua tu kwamba mumewe alikwenda jangwani, kwamba alirudi, na kwamba aliyerudi hakuwa yule aliyekwenda.

Zipporah ndiye aliyekwenda kumwona Were, nyapara wa madereva. Hakwenda kulia, alikwenda kuuliza kinachotakiwa. Were hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kanuni tu, na mtu wa kanuni ana faida yake: ukimsikiliza unajua pa kusimama. Akasema kiti cha Makhanu kitangoja hadi mwisho wa Agosti. Akileta barua ya Sajini Osundwa wa Shirere, isemayo amekaa siku tisini bila tone, atapanda trekta yake. Asipoileta, kiti kina wengi wanaokitaka. Zipporah akamfikishia Makhanu habari hizo. Tangu ujana hakuwa na kazi nyingine. Kwenye usukani alikuwa Koplo Makhanu, watu walimpungia mkono kutoka mashambani. Bila usukani alikuwa mlevi mmoja kati ya walevi, na walevi Musanda haikuwa na upungufu wao.

"Nitakwenda," akamwambia mkewe. "Na kile kiti nitakirudia, Mama Phoebe. Weka hayo maneno."

Nyumba ya Osundwa ilikuwa pembezoni mwa mji wa Kakamega, upande wa Shirere, nyumba ndefu ya mabati yenye vitanda vinane, na haikupokea mtu asiyewahi kuvaa sare ya jeshi. Phanuel Osundwa mwenyewe alikuwa sajini wa kikosi cha tiba, muumini wa Kanisa la Marafiki, lisilotaka silaha wala pombe, aliyekaa jeshini miaka kumi na minne bila kushika kitu kizito kuliko machela. Alipostaafu akasomea uuguzi wa wagonjwa wa akili. Alikuwa amechoka, alisema, kuona askari wenzake wakichanganywa na walevi wa sokoni na kuambiwa waache pombe kana kwamba pombe ndiyo ugonjwa. Kwa askari, pombe ilikuwa bandeji. Ukiibandua bila kutazama kidonda, mtu atakufa akiwa safi.

Siku tano za kwanza Makhanu alitetemeka hadi kitanda kikahama ukutani. Daktari alikuja kumdunga sindano, Osundwa akampa vidonge na maji ya chumvi na sukari, na Makhanu akamtukana Osundwa, mama yake Osundwa, na kanisa lake lote. Osundwa akamfuta jasho. Siku ya sita Makhanu akaomba chakula, na jina lake likaandikwa kwenye ubao wa ukumbini pamoja na ya wengine watano, na mbele yake tarakimu. Kila asubuhi tarakimu zilipanda kwa moja. Kanuni ya ubao ilikuwa fupi: tone moja, siku ya kwanza. Iwe bahati mbaya, iwe kusudi, tone moja, siku ya kwanza.

Kisha kulikuwa na chungu. Mwanzoni, walivyosimulia wakongwe wa nyumba hiyo, Osundwa aliwaketisha wagonjwa kwenye viti kwa duara kama alivyofundishwa chuoni, akawaambia wazungumze yaliyo moyoni. Wakakaa kama watu waliokuja kulipa kodi. Wiki tatu, hakuna aliyefungua kinywa ila kupiga mwayo. Ndipo Mzee Shikanga, aliyepigana Burma akiwa kijana na kunywa tangu Burma, akamwambia sajini kwamba huku kwetu wanaume hawazungumzi mikono ikiwa mitupu. Wanazungumza chungu kikiwa katikati na mirija mirefu imechomekwa, kila mtu na wake. Osundwa akafikiri siku mbili. Akanunua chungu, akakijaza uji mwepesi wa wimbi, akachomeka mrija wake wa kwanza. Siku hiyo hiyo Shikanga akasimulia habari za mto mmoja huko Burma na waliozama humo, akalia kwa mara ya kwanza tangu vita viishe.

Desturi ya hapo ilikuwa kwamba mwenye neno zito huchomoa mrija wake na kuulaza juu ya mdomo wa chungu. Hapo kila mtu huacha kuvuta na kusikiliza. Kila Jumamosi mrija wa mtu ulilazwa, kasoro wa Makhanu. Akiulizwa habari za Kaskazini, alijibu kwamba barabara ilikuwa mbaya. Basi. Osundwa alimtazama, akaandika kitu kwenye daftari lake, wala hakumsukuma. Makhanu alijiambia kwamba yeye hakuja kupiga domo, alikuja kuchukua barua. Alilima bustani, akafua, akakariri siku. Siku ya arubaini. Siku ya sitini. Kiu ilipomjia alitembea kuizunguka nyumba mara mia moja, akihesabu kwa sauti, na jirani mmoja akadhani ni mhubiri.

Siku ya themanini na mbili chungu kilipasuka. Osundwa alikuwa akikiosha kikamponyoka. Zipporah, aliyekuwa amekuja kumletea mumewe shati, akasema Jumamosi asingeacha wanaume wakae bila chungu, ataleta yeye, na uji wake. Na hapa ndipo alipokosea, masikini, kwa kupenda kwake. Hakutaka kuleta chungu hivi hivi cha kuchotea maji. Alikwenda kwa mama mkwe wake akaazima kile kikubwa cheusi, cha heshima, kilichopikiwa busaa, pombe ya nafaka, ya matanga na ya harusi kwa miaka thelathini. Chungu kama hicho hakioshwi kwa sabuni hata siku moja, kwa sababu chachu na utamu vimekaa kwenye kuta zake. Yeye mwenyewe tangu aolewe hakuwahi kupika busaa, alikuwa mtu wa kanisa. Akapika uji, akautia kimea kidogo ili uwe mtamu, akaufunika vizuri kwa jani la mgomba, ukakaa siku moja na asubuhi yake kwenye joto. Jumamosi akaubeba kichwani hadi stendi, akafika Shirere akitabasamu.

Wakaketi. Osundwa akaomba baraka, akavuta wa kwanza kama ilivyo haki ya mwenye nyumba. Akafumba macho. Akamwambia Zipporah kwamba amewakomesha wapishi wote wa Kakamega, na akavuta tena, kwa nguvu. Masikini sajini, hakuwa ameonja pombe tangu azaliwe, angejuaje.

Makhanu akavuta. Uji ulipogusa ulimi, nywele za shingo zilimsimama. Haukuwa uji. Ulikuwa mchanga bado, mwepesi, lakini ulikuwa busaa na ulijijua kwamba ni busaa. Ukashuka kifuani polepole, mtamu, kama rafiki anayeingia bila kubisha hodi. Akaangalia duara. Shikanga alikuwa amefumba macho na mashavu yamembonyea kwa kuvuta. Mwenzake wa kulia alivuta, akasita, akatazama chini, akavuta tena. Wote walijua. Wanaume sita waliokunywa maisha yao yote, nani asiyejua? Kila mmoja alikuwa akimngoja mwingine aseme, na kwa kuwa hakuna aliyesema, kila mmoja akavuta.

Kesho tarakimu ingesoma themanini na tano. Siku sita tu zilibaki. Barua ilikuwa tayari imeandikwa, aliiona mezani kwa sajini, imekosa sahihi tu. Akisema, ubao unafutwa, Agosti inakwisha, kiti kinakwenda. Na mkewe yuko hapo mlangoni, mikono ameishika mbele, anangoja asifiwe. Asiposema, hakuna atakayejua. Angeweza kuweka mrija mdomoni bila kuvuta. Angejikinga yeye mwenyewe, taratibu, akawaacha wenzake wavute.

Na hapo Makhanu akahisi baridi, maana jambo hilo alikwisha kulifanya. Kujikinga yeye na kuwaacha wanaomfuata.

Akachomoa mrija wake, akaulaza juu ya mdomo wa chungu.

"Udongo mpya," akasema.

Hakuna aliyeelewa ila Osundwa, aliyewahi kusikia kilio hicho jeshini. Osundwa aliacha mrija wake ukaanguka.

"Hayo ndiyo maneno yetu madereva," Makhanu akaendelea. "Ukiwa mbele ya msafara na uone udongo umechimbuliwa barabarani, unasimama, unapiga kelele, udongo mpya, na kila lori inasimama nyuma yako. Kwa sababu wanaweka bomu hapo chini. Mimi ndiye nilikuwanga mbele. Siku moja nikasimamisha msafara wote, magari kumi na moja, na ilikuwa shimo la mhanga. Mnyama tu. Walinicheka mpaka kambini. Wakaniita Mama Mhanga. Kesho yake nikaona udongo tena. Niliuona vizuri kama ninavyoona hii chungu. Nikasema moyoni, nikisimamisha watanicheka. Nikakata usukani kidogo, nikapita kando, nikanyamaza. Kipruto alikuwa kwenye lori ya nyuma yangu. Kipruto alikuwa ananiamini, alikuwa anakanyaga nilipokanyaga, lakini siku hiyo vumbi lilikuwa jingi."

Akajikaza, akamaliza alichoanza.

"Sikusema siku hiyo. Leo nasema. Hii chungu ni busaa, afande. Tumekunywa sisi wote, na wewe pia."

Zipporah akaweka mikono mdomoni. Osundwa akatazama chungu, akamtazama Shikanga, na Shikanga akatikisa kichwa kukubali, machozi yakimtoka, ingawa ya nini hasa hakujua mtu. Sajini akainuka, akaenda ukumbini. Wote wakamfuata. Akachukua kitambaa akafuta tarakimu zote, moja moja, ya Makhanu ya mwisho. Akaandika 1, mara sita, akibonyeza chaki hadi ikavunjika. Kisha chini ya majina sita akaongeza la saba, Phanuel Osundwa, na mbele yake akaandika 1. Mtu mmoja nyuma akacheka, wengine wakashindwa kujizuia, na sajini mwenyewe akacheka hadi akashika ukuta.

Makhanu hakucheka. Alitoka akamkuta mkewe kando ya bustani, amegeuza uso. Alidhani atamlaumu kwa kumwaibisha mbele ya wanaume, na kweli alimlaumu, sana, lakini si kwa hilo. Alimlaumu kwa miaka kumi na mitatu. Alisema amelala kando ya Kipruto miaka kumi na mitatu bila kuambiwa jina lake. Kisha akamshika mkono, akasema ile barua wangeitafuta tena, na akabeba chungu kile kichwani akakirudisha kwa mwenyewe.

Agosti ikaisha. Osundwa alikwenda mwenyewe kwa Were kumweleza yaliyotokea. Were akasikiliza hadi mwisho, akasema ni habari ya kusikitisha, na Jumatatu akampa kijana aitwaye Barasa kiti cha Makhanu. Kanuni ni kanuni. Ilipomfikia Makhanu habari hiyo alizunguka nyumba mara mia nne. Iliuma, msidanganywe, iliuma kuliko kuacha pombe. Jioni akaingia ndani akanawa, akamwomba sajini kalamu, akaandika barua nyumbani kwa akina Kipruto. Haikujibiwa.

Basi ikaanza dawa ya pili. Osundwa akampeleka nyuma ya bustani na jembe, akamwambia achimbe shimo la ukubwa wa karai, alijaze, asimame juu yake. Siku ya kwanza Makhanu alichimba, akajaza, akatapika. Siku ya nne aliweka mguu mmoja. Siku ya kumi na tisa alisimama kwa miguu yote miwili akiwa ameshika bega la Osundwa, akilia na kumtukana kama zamani, na hakushuka. Kufikia siku ya sitini alikuwa akinywa uji wa asubuhi ameketi juu ya udongo aliouchimba mwenyewe, na Shikanga akilalamika kwamba bustani imekuwa matundu matupu na sukuma wiki haina pa kuota.

Siku ya tisini sahihi ikapigwa. Makhanu akaipeleka barua kwa Were. Were akaisoma, akakuna kichwa, akasema kiti hakuna, labda mwakani. Nafasi aliyokuwa nayo ni moja tu, na aliona haya kuitaja kwa dereva mzima: genge la barabara, la kujaza mashimo.

"Nipe hiyo," Makhanu akasema. "Hiyo ndiyo yangu."

Wiki ya kwanza walifika Musanda, pale pale kwa yule mjane. Mvua za vuli zilikuwa zimefungua shimo lile tena. Makhanu akawaambia wenzake wamwachie. Akalisafisha, akaweka kokoto chini, akamwaga udongo toroli tatu, akasawazisha kwa mgongo wa jembe. Mjane alisimama kwenye mahindi yake akimtazama kwa mashaka, na alikuwa na haki. Moyo ulimdunda Makhanu, jasho likamtoka kwapani kama zamani. Hakulikimbia. Alilijua, kama mtu anavyomjua mkwe mkorofi.

Trekta ikatokea kwa mbali, ile ile aliyokuwa akiiendesha yeye, trela mbili zimesheheni. Barasa alikuwa ndiye kwenye kiti. Alipoona kiraka kibichi na watu barabarani akapunguza mwendo, akasimama, asijue kama udongo umeshikamana. Akaonyesha kwa mkono, kuuliza.

Makhanu akapanda juu ya udongo. Akaukanyaga kwa miguu yote miwili, akaruka, akaukanyaga tena, akasimama hapo katikati. Kisha akasogea kando hatua moja, moja tu, akainua mkono.

"Udongo mpya," akapaza sauti, ili Barasa asikie, na yeyote aliye nyuma yake. "Nimeuweka mimi. Pita."